Morocco Haendi Morocco

Habari ilitukuta Jaws Corner, vikombe vya kahawa mkononi, mwanzoni mwa Novemba. TFF imetangaza kuachana na Hemed Suleiman, huyu wetu anayeitwa Morocco, kwa makubaliano ya pande mbili. Mikoba ya Taifa Stars anapewa Miguel Gamondi, Muargentina aliyekuwa akifundisha Singida Black Stars, aishike kwa muda. AFCON inaanza Desemba 21. Inachezwa wapi? Morocco.

Baraza likaangua kicheko. "Morocco haendi Morocco!" akapiga kelele kijana mmoja aliyekuwa ameegemea vespa yake, na nadhani kabla ya adhana ya Magharibi utani ule ulishafika Darajani.

Mie nilicheka na wenzangu. Kilichonikata kicheko ni mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote, macho kwenye dhumna. Aliweka kete yake chini taratibu, akasema: "Afadhali. Hawa wetu kazi yao kuwakimbiza vijana mchangani. Kule kunatakiwa akili, na akili ya mpira anayo mgeni."

Hakuna aliyembishia. Nami sikumbishia. Kwanza ni mzee sawa na babu yangu. Pili, kahawa niliyokuwa nakunywa alininunulia yeye. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa kwa adabu siku ile ile, na limechelewa mwezi mzima.

Tuanze na daftari lenyewe, maana sie wa ualimu tunafundishwa tusimpe mtoto alama kabla ya kusahihisha.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 14. Wanaokumbuka mwaka ule wanajua ulivyotuchezea: Machi Zanzibar ikapewa uanachama wa CAF, Julai ikanyang'anywa. Desemba Zanzibar Heroes wakaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA, na hakuna aliyewatarajia. Wakamfunga Rwanda 3-1. Wakamfunga Tanzania Bara 2-1 (siku ile ami yangu alilala na jezi). Nusu fainali wakamtoa Uganda, bingwa mtetezi, 2-1. Fainali ikapigwa Machakos, 2-2 na mwenyeji, tukaja kufa kwa penalti 3-2. Kocha alikuwa Hemed Morocco.

Januari 2024 Taifa Stars iko Ivory Coast kwenye AFCON chini ya Adel Amrouche, Mualgeria, na Hemed ni msaidizi wake. Amrouche akasema maneno kuhusu Morocco na ushawishi wake katika soka la Afrika, CAF ikamfungia mechi nane, TFF ikamsimamisha. Timu ilikuwa imetoka kufungwa 3-0 na hao hao Morocco. Katikati ya vurugu hiyo, ndani ya siku chache, Hemed akaambiwa shika usukani, na Juma Mgunda pembeni yake. Stars ikatoka 1-1 na Zambia, 0-0 na Congo.

Halafu akaipeleka timu AFCON ya 2025. Kundi lilikuwa na Congo, Guinea na Ethiopia. Stars ikavuna alama 10, na ya mwisho ilikamilika Novemba 19, 2024 kwa Mkapa, bao moja la Simon Msuva dhidi ya Guinea. Katika historia yake yote Tanzania imefuzu mara nne tu: 1980, 2019, 2023 na hii. Agosti 2025, CHAN ikiwa nyumbani kwetu, akaongoza kundi kwa alama 10 katika mechi nne, akatolewa robo fainali kwa bao 1-0. Na nani? Morocco. Huyu bwana jina lake limemfuata kama deni.

Mabaya yake pia siyafichi. Mechi za mwisho za kutafuta Kombe la Dunia zilikuwa chungu: Niger wakatufunga 1-0 nyumbani, Zambia wakatufunga 1-0 nyumbani. Ukitaka kumfukuza kocha kwa matokeo, karatasi unayo. Makocha wanafukuzwa dunia nzima kwa machache kuliko hayo, na mie sina ugomvi na hilo. Wala sina ugomvi na Gamondi. Aliyeiona Yanga yake ya 2023/24 anajua yule bwana anajua kazi.

Ugomvi wangu ni na ile kete ya dhumna. Yule mzee hakusema "Hemed kafungwa na Niger." Alisema "hawa wetu." Na kilichonichoma zaidi ni kwamba maneno hayo nilikuwa nimeshayasoma, miezi mitatu nyuma, yakisemwa na watu wengine kabisa, ng'ambo ya bahari, juu ya mchezo ambao hapa Unguja sijui kama kuna anayeucheza.

Ilikuwa hivi. Kabla hatujaenda field mwaka huu tulipewa kazi ya kikundi katika somo la Saikolojia ya Elimu: matarajio ya mwalimu yanamfanya nini mwanafunzi. Kila mtu alileta mfano wa kawaida. Wengi tulikwenda kwa Rosenthal na Jacobson, wale waliowaambia walimu wa skuli moja ya California kwamba watoto fulani watachanua mwaka huo, kumbe majina yameokotwa ovyo kama bahati nasibu, na mwisho wa mwaka wadogo wao kweli wakawa wamepanda kuliko wenzao. Utafiti ulichapishwa 1968 na watu wanaupinga mpaka leo, khasa ukubwa wa matokeo yake. Mwenzetu mmoja akaja na mpira wa Wamarekani. Tukamcheka. Halafu akanitumia vya kusoma, nikavisoma nikiwa field, usiku, kwa bando la boom.

Mpira wao una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na watu wanarukiana kama wanagombea daladala ya mwisho ya Tunguu. Katikati ya fujo ile kuna mtu anaitwa kwotabeki. Kila shambulizi likianza mpira anapewa yeye. Anawasoma wapinzani, anaamua kwa sekunde mbili tatu amrushie nani, na akikosea timu nzima imekosea. Ukitaka kumpata kwetu, mchukue namba kumi, mchanganye na nahodha na nusu ya kocha.

Sasa, ligi yao, NFL, kwa miongo mingi ilijaa wachezaji weusi kila mahali isipokuwa hapo. Mweusi alifaa kukimbia, kuruka, kukaba, kugongana. Kufikiri aliachiwa mweupe. Hakuna sheria iliyoandikwa, makocha na wasaka vipaji walikuwa "wanajua tu." Kijana akitoka chuo akiwa kwotabeki hodari na rangi yake nyeusi, alisifiwa mbio zake kisha akahamishwa nafasi.

Mwaka 1968 Marlin Briscoe alipata bahati ya kuicheza nafasi hiyo Denver Broncos, na katika msimu wake wa kwanza akarusha pasi 14 zilizofunga. Msimu uliofuata Denver hawakumtaka tena mahali pale. Akaenda Buffalo, na Buffalo wakamfanya mpokea pasi. Warren Moon aliiongoza timu ya chuo chake kushinda Rose Bowl ya 1978, akawa mchezaji bora wa mechi, na hakuna timu hata moja ya NFL iliyomchagua mwaka ule. Akahamia Canada, akabeba kombe la kule mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo kwao wakagundua kwamba anajua kurusha. Januari 1988 Doug Williams akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda fainali yao, Super Bowl: Washington 42, Denver 10, na pasi nne za kufunga alizipiga ndani ya robo moja tu ya mchezo. Mtu atadhani mjadala uliishia hapo. Mpaka fainali ikutanishe makwotabeki wawili weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts, ilikuwa Februari 2023. Miaka 35.

Katika wote hao aliyenikaa kichwani ni Briscoe. Huyu hakufeli mtihani. Alifaulu, halafu akaambiwa somo hilo si lake.

Mtazame basi Juma Mgunda. Septemba 2022 Simba waliachana na Zoran Maki, wakamchukua Mgunda kutoka Coastal Union. Akaivusha Simba hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akiwatoa Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola. Januari 2023 akaletwa Robertinho, Mbrazili, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Aprili 2024 Benchikha, Mualgeria, akaondoka. Mgunda akaitwa tena amalizie msimu. Msimu ukaisha, akaja Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini. Wale wenye gari wanajua spea taya inavyoishi: inakaa gizani kwenye buti, inatolewa njiani usiku wa mvua, inakufikisha mjini, kesho yake unaivua na kuirudisha gizani. Haulizwi mtu kama taya ile ilikuwa mbovu.

Upande wa pili mtazame Kim Poulsen, raia wa Denmark. Aliifundisha Taifa Stars, akaondoka 2014, na mwaka 2021 akarudishwa kazi ile ile. Mtazame Amrouche. Alikuwa ameshafundisha Burundi na Kenya kabla ya kuja kwetu; alipoondoka kwetu kwa namna ile, mwaka 2025 Rwanda wakampa timu yao ya taifa. Sisemi hawakustahili. Nasema kwao kushindwa ni ajali ya kazini, mtu anajifuta vumbi anaendelea. Juni 2015 Mart Nooij, Mholanzi, alifungwa 3-0 na Uganda hapa hapa Amaan, akafukuzwa. Alifukuzwa Nooij peke yake. Uholanzi haikufukuzwa. Hakuna aliyekaa barazani akasema hawa Waholanzi kazi yao kupanda maua. Lakini mzawa akifungwa na Niger, wamefungwa wazawa wote, na yule kijana wa Makunduchi au wa Chake anayesomea leseni ya ukocha sasa hivi kafungwa pia, ingawa siku ile alikuwa nyumbani kwao anakula.

Kuna mfano mmoja unaoniuma kwa sababu ulitokea nchi ile ile, mwezi ule ule aliopewa Hemed timu. Ivory Coast, wenyeji wa AFCON, walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea wakaachana na kocha wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset. Timu akapewa msaidizi, Emerse Faé, kijana wao ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya wakubwa. Februari 11, 2024 Faé akabeba kombe, 2-1 dhidi ya Nigeria. Wakampa kazi moja kwa moja. Najua, najua, alibeba kombe na wetu hakubeba. Ila angalia alivyofika pale: walimwachia usukani siku ambayo nchi nzima ilikuwa inalia.

Na siku ya Agosti 12 nilikuwa jukwaani Amaan. Sudan, nchi iliyo vitani, isiyo hata na uwanja wa kuchezea nyumbani, ilimpiga Nigeria 4-0. Kocha wa Sudan alikuwa Kwesi Appiah, Mghana. Huyu ndiye aliyeipeleka Ghana Kombe la Dunia 2014, kwao wakaachana naye, wakamrudisha, wakaachana naye tena. Katika kufuzu AFCON hii Sudan yake ikamfunga Ghana 2-0, na Ghana haiendi Morocco. Tuna methali, mcheza kwao hutunzwa. Appiah mtu angemuuliza.

Sasa nije kwangu, maana mpaka hapa nimewasema wazee na mashirikisho, na hao ni rahisi kuwasema.

Nilipangiwa field skuli moja ya Unguja, sitaitaja, na kwa kuwa nilionekana kijana nikabandikwa na timu ya mpira ya Darasa la Saba. Siku ya kwanza nikawapanga watoto kwa macho. Sikuwa nimemwona hata mmoja akigusa mpira. Kulikuwa na mtoto mweusi tii, mabega mapana, babake mchukuzi bandarini. Nikamwambia: beki wa kati. Kulikuwa na mwengine mwembamba, mweupe mweupe, nywele laini, kwao wana duka Mkunazini. Nikamwambia: namba kumi, na unahodha chukua wewe. Nilifanya haraka na kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake.

Yule wa kwanza akanifuata baada ya mazoezi. "Ticha, mie mtaani nacheza namba kumi."

Nikamjibu, na haya ni maneno yangu kamili kwa sababu nimejaribu kuyasahau yamekataa: "Wewe una nguvu, kaa nyuma. Pale mbele kunataka akili."

Akasema "ndiyo ticha" akaenda zake. Hakununa. Nadhani lile halikuwa geni kwake.

Ndiyo maana nilipomsikia mzee wa dhumna nikapoa. Kitu kile kile nilikuwa nimekisema mie mwenyewe mwezi wa Julai, mie ambaye rangi yangu na ya yule mtoto ukituweka pamoja hutujui nani ni nani. Wamarekani angalau ukiwauliza nani kawapanga hivi, jibu lipo. Sie hakuna mweupe aliyesimama nyuma yangu pale uwanjani akininong'oneza. Nilikuwa peke yangu na filimbi.

Ziko hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Wenzangu wa hosteli wanasema: leseni. Mashindano ya CAF yana masharti ya leseni, wageni wengi wanazo na wazawa wachache wanazo. Kweli. Lakini leseni ni darasa, na darasa lina ada na nafasi. Ukitaka wazawa wawe nazo, unawapeleka. Wanasema CV: mgeni ameshafundisha timu kubwa. Kweli pia. Ila CV ya kocha inajengwa kwa kukalia kiti, na sie kiti tunampa baada ya kuona CV. Kaka yangu yumo ndani ya duara hilo hilo kazini kwake, hoteli moja ya kaskazini: ameshawafundisha kazi mameneja watatu kutoka nje, mmoja baada ya mwengine, mpaka wapi funguo za stoo zinakaa, na kila nafasi ikiwa wazi anaambiwa bado hana uzoefu wa umeneja.

Wanasema pia kwamba hili halihusu rangi, kwani Emmanuel Amunike alikuwa Mnigeria mweusi na tulimpenda alipotupeleka AFCON 2019 baada ya miaka 39. Hili limenifikirisha kuliko mengine yote. Ni kweli, kwetu mweusi mwenye paspoti ya nje anasikilizwa kuliko mweusi wa Kwahani. Ila jisikilize mtaani tunavyozungumza. Timu ikiyumba husikii mtu akiomba Mnigeria. Unasikia "waleteni Mzungu," hata kama atakayekuja ni Mualgeria au Mbrazili mwenye rangi ya chai. Neno Mzungu pale lina maana ya mtu ambaye kichwa chake hakihitaji kuthibitishwa. Mtu mweusi anaweza kuingia humo, akitoka mbali vya kutosha.

Na wanasema matokeo. Basi tutazame Kombe la Dunia la 2022: timu tano za Afrika, makocha watano wa mataifa hayo hayo, na Walid Regragui akaifikisha Morocco nusu fainali, mahali ambapo hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika na kocha wa rangi yoyote. Tungekuwa watu wa matokeo kweli, tungelijua hilo kwa kichwa kama tunavyojua majina ya wachezaji wa Arsenal.

Jirani zetu Wakenya wana namna yao ya ugonjwa huu, na dunia nzima inawasaidia kuugua. Mkenya akishinda marathoni anaambiwa amezaliwa kukimbia: mapafu, miguu, milima, ugali. Sifa tamu, na ndani yake kuna wizi. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, nyuma yake palikuwa na Patrick Sang, Mkenya, aliyepata fedha ya Olimpiki Barcelona 1992 kwenye kuruka maji na viunzi, mtu wa kuandika programu za mazoezi na kupima na kufuta na kuandika tena kwa miaka. Miguu ya Kipchoge inajulikana kila kona. Daftari la Sang ukiliuliza hapa chuoni watakuuliza Sang ndiye nani.

Taifa Stars inaanza na Nigeria Desemba 23, pale Fez, kisha Uganda, kisha Tunisia. Nitaitazama Jaws kama kawaida na nitashangilia mpaka sauti ikauke. Gamondi akifanya maajabu, nitafurahi, na mzee wa dhumna atanitazama kwa jicho la si nilikwambia. Gamondi akifungwa zote tatu, mzee hatasema chochote juu ya Waargentina. Hilo nakuandikieni leo kabla mpira haujachezwa, muje mnisute.

Nimalize habari ya yule mtoto.

Nilipomaliza kusoma ile habari ya Briscoe sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nikambadilisha: namba kumi yeye, na yule mwembamba nikampeleka winga, ambako kumbe ndiko alikokuwa akitaka tangu mwanzo, unahodha ulikuwa unamtia homa. Alhamisi jioni tukacheza na skuli ya jirani. Sitakudanganyeni. Mtoto alicheza vibaya. Alipoteza mipira, alipiga pasi mbili kwa wapinzani, moja ikazaa bao. Tukafungwa 3-1. Kila akikosea alikuwa ananitazama mie kwanza, kisha ndiyo anakimbia kuutafuta mpira.

Mwalimu mwenzangu wa pale, mtu mwema aliyenisaidia mengi, akanipiga bega tukitoka uwanjani. "Umeona? Yule mrudishe nyuma. Wengine Mungu kawapa mwili."

Nilikuwa na karatasi ya kikosi cha wiki ya pili mfukoni, tupu. Nikakaa juu ya mzizi wa mwembe pale nje ya uwanja, watoto wakigombea maji ya bomba, nikaandika kipa, nikaandika mabeki wanne, nikafika namba kumi nikasita kidogo kwa sababu tulikuwa tumefungwa 3-1 na nilikuwa na aibu. Nikaandika jina lake.